Viatu Vilivyonuka Mgongo Wazi

Walubengo alikuwa na mikono mikubwa hivi kwamba akishika kikombe cha chai, kikombe hakikuonekana. Mgeni aliyemkuta barazani asubuhi alidhani mzee anakunywa ngumi yake mwenyewe. Mikono hiyo ndiyo iliyomfanya awe kipa wa timu ya kiwanda kule Webuye enzi za ujana wake, na ndiyo aliyokuja nayo Nairobi timu ilipovunjwa. Alibeba magunia Indastrio, kule viwandani, mpaka mgongo ukamwambia imetosha. Kisha akakaa chini kando ya reli pale Laini Saba, mtaani Kibera, akafungua kasanduku ka brashi na kiwi, akaanza kung'arisha viatu vya watu.

Kazi ile aliipenda kuliko watu walivyodhani. Huko Webuye hakuna mtu aliyeruhusiwa kugusa njumu zake. Aliziosha mwenyewe kwa mswaki baada ya kila mechi, akichokoa tope katikati ya meno ya soli, kwa sababu aliamini kwamba kipa mwenye njumu chafu huona mpira ukiwa umeshapita. Wenzake walimcheka, lakini alipofika Laini Saba mswaki ule ule ulikuwa bado mfukoni, ingawa nywele za mswaki zilikuwa zimelala upande mmoja kama nyasi zilizokaliwa na ng'ombe.

Halafu ikaja ile mvua ya mwaka wa tisini na saba. Watu waliiita El Nino, wengine wakaiita Elinyonyo, na kina mama wa kanisani wakaiita adhabu. Ilinyesha kana kwamba mtu alifungua mfereji akasahau na kwenda safari. Njia za Laini Saba ziligeuka uji, na kila mwenye akili na pesa kidogo akanunua gambuti, vile viatu virefu vya mpira. Sasa gambuti hazipigwi kiwi. Walubengo alikaa na kasanduku kake chini ya kipande cha karatasi ya nailoni, akitazama gambuti zikipita, nyeusi, zikimeta kwa maji ya Mungu bila msaada wa mtu.

"Kipa, leo umeokoa mangapi?" watu walimtania.

"Leo sijaona hata mpira," aliwajibu.

Jumamosi moja asubuhi, mwanamume mmoja alikuja akisukuma baiskeli kando ya reli. Ilikuwa baiskeli ya milimani, zile za magurudumu manene yenye meno, lakini meno hayakuonekana. Yalikuwa madonge mawili ya udongo yanayozunguka kwa shida. Mwenyewe alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi. Alijitambulisha kwa jina la Gachanja, karani wa bima mjini, na akaeleza kwamba yeye na rafiki zake kila Jumamosi huingia msitu wa Ngong Road kwa baiskeli, wakaruka mizizi na mitaro, kisha wakatokea huku.

"Mnafukuzwa na nani?" Walubengo aliuliza.

"Hakuna. Ni starehe."

Walubengo alimtazama kwa huruma, kisha akamtazama miguuni. Hapo akasahau mengine yote. Viatu vile hakuwahi kuviona. Vilikuwa kama raba lakini soli yake ilikuwa ngumu kama ubao, na chini katikati kulikuwa na kipande cha chuma kilichofungwa kwa skrubu. Gachanja alieleza kwamba chuma kile hung'ata pedali, mguu usiteleze. Alipotembea pale kwenye mawe ya reli alilia ko, ko, ko, kama mbuzi aliyepanda jukwaani.

"Nipe," Walubengo alisema, akinyoosha mkono.

Alivipokea kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Kwanza alivigonga kimoja kwa kingine, madonge makubwa yakaanguka. Akachonga kijiti akachokoa chuma. Akatoa kamba, akatoa na soli za ndani, akaziloweka kando katika besheni yenye sabuni ya kipande. Kisha ukatoka mswaki. Gachanja, aliyekuwa amekaa peku juu ya jiwe akila mahindi ya kuchoma, aliacha kutafuna. Jitu zima lile, mabega kama mlango, lilikuwa limeinama likisugua shimo dogo la kamba kwa ncha ya mswaki, ulimi umetokeza kwa pembeni.

Jumamosi iliyofuata Gachanja alirudi na gunia. Ndani mlikuwa na viatu vya kundi zima, jozi sita, vya kuchukuliwa Ijumaa.

Kuosha ilikuwa rahisi. Taabu ilikuwa kukausha. Jua lilikuwa limehama Nairobi bila kuacha anwani. Walubengo alijua tangu Webuye kwamba kiatu hakikaushwi juu ya moto, kwani gundi huachia na soli ikaanza kucheka. Akavijaza magazeti. Magazeti yalinyonya maji vizuri, lakini wino nao ukapenda makao mapya, na Gachanja alipovua kiatu Jumamosi hiyo soksi yake nyeupe ilikuwa na nusu ya habari za kampeni, zimeandikwa kinyumenyume.

"Nimetembea na mgombea ubunge mguuni asubuhi nzima," alisema, "na hata simpigii kura."

Walubengo akawa anatafuta mahali penye joto pasipo na moto. Siku moja jioni aliegemea ukuta wa chumba chake kuvua sweta, akashtuka. Ukuta ulikuwa na joto zuri, kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Ulikuwa ukuta wa mabati, na upande wa pili aliishi Adero, mama mjane kutoka upande wa Homa Bay ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Hope kwa jina la bintiye aliyekuwa shule ya bodingi. Adero alikaanga mgongo wazi, yale mapanki, yaani mifupa na vichwa vya samaki mbuta, yanayobaki minofu ikishakwenda kwa matajiri, na mvua ilipoanza alikuwa ameingiza jiko lake ndani na kuliweka karibu na ukuta huo huo. Walubengo hakuuliza mtu. Alipigilia misumari, akafunga kamba, akaning'iniza jozi zote sita. Kufikia Ijumaa zilikuwa zimekauka kama mkate wa juzi. Alilala siku hiyo akijiona mvumbuzi.

Majuma mawili yalipita kwa amani. La tatu, Gachanja alileta gunia lakini hakulifungua. Alikaa kwenye jiwe, akasafisha koo.

"Mzee Walubengo, nikuulize kitu bila kukuvunjia heshima. Viatu vyetu unavikausha wapi?"

"Kwangu. Kwani vina nini?"

"Unajua sisi tukitoka msituni wakati mwingine tunapitia Kawangware. Kuna ile safu ya bucha, na mbele ya bucha kuna mbwa. Hao mbwa wametujua siku nyingi, hata hawainui vichwa. Lakini Jumamosi iliyopita waliinuka. Wote. Musyoka wa kundi letu unamjua?"

"Yule mnene?"

"Huyo. Tangu tuanze hii mambo Musyoka hufika wa mwisho. Jumamosi alifika wa kwanza, na hakusimama, alitupita na akaendelea mpaka Lavington. Tulimkuta amepanda juu ya geti la watu, na mbwa wameketi chini wakimwangalia kama watu wanaongoja kupakuliwa."

Walubengo alifungua gunia. Alichukua kiatu cha Gachanja, akaingiza pua yake yote ndani. Kilichotoka mle hakikuwa harufu ya mguu, wala ya sabuni. Ilikuwa harufu ya mgongo wazi uliokaangwa ukakaangika, wenye chumvi na kitunguu. Alikuwa ameishi na harufu ile miaka mitatu ukutani hata pua yake ikaacha kuihesabu. Jambo la aibu ni kwamba tumbo lake lilinguruma, na Gachanja akalisikia.

Jioni hiyo Walubengo alibisha kwenye mabati kwa kifundo cha kidole.

"Mama Hope."

"Naam, Baba Bridgit." Adero alimwita hivyo kwa jina la binti wa Walubengo aliyeolewa Kitale.

"Samaki wako wameingia kwenye viatu vyangu."

Upande wa pili upawa uligonga kikaango. Kisha sauti ya Adero, polepole:

"Wameingia kwa miguu gani?"

Mara Adero alikuwa mlangoni kwa Walubengo, upawa mkononi. Alitazama ukuta, akaona jozi sita za viatu zimening'inia kama popo. Akazitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Majuma mawili wateja wangu wananiuliza kwa nini samaki wa siku hizi ananuka soksi. Nikabadilisha mafuta. Nikabadilisha chumvi. Nikamgombeza yule mama anayeniletea samaki, mtu wa watu hana makosa. Na haya maji yanayopita chini ya bati yananilowesha makaa mpaka nakaanga nikilia, nilidhani ni Shetani. Kumbe ni Baba Bridgit."

"Mama Hope, mimi sikujua..."

"Na ukuta ulinikopa lini?"

Akaenda zake. Usiku ule jiko lilihamishwa kwa kishindo hadi upande mwingine wa chumba, na ukuta wa Walubengo ukapoa kama jiwe la kaburi. Baada ya hapo hawakusalimiana. Kilichomuuma Walubengo, naye alishangaa kwamba kinamuuma, hakikuwa joto. Ilikuwa ile "naam" ya upande wa pili. Hakujua kwamba alikuwa ameizoea.

Akaamua kukausha juu ya paa. Asubuhi moja mawingu yalipasuka kidogo, jua likachungulia, na Walubengo akapanda kwenye ndoo akapanga viatu juu ya mabati, midomo wazi kuelekea mwanga. Hakumaliza chai kabla mvua haijarudi, safari hii pamoja na upepo. Alitoka mbio. Jozi tano aliziwahi. Ya sita, kimoja alikidaka, na cha pili, nacho kilikuwa cha Musyoka, kiliteleza kwenye mgongo wa bati, kikaanguka mtaroni na kushika njia ya kwenda kwenye bwawa la chini ya mtaa, kikielea kama mtumbwi usio na mwenyewe.

Mtaro ule ulikuwa umefura. Watu waliokuwa wamejibanza chini ya vibanda waliona kiatu kikipita, na nyuma yake wakamwona Walubengo, suruali imekunjwa mpaka magotini, akikimbia kando ya mtaro huku macho hayabanduki. Alikipita kiatu. Akageuka. Akapiga hatua mbili za pembeni, magoti yamekunjwa kidogo, mikono imetanuka. Kisha mzee wa miaka hamsini na mitatu akaruka. Aliruka kwa urefu wake wote, ubavu kwa ubavu na matope, na mkono wa kushoto ukakidaka kile kiatu kwenye mdomo wa bomba la kalvati, kidole kimoja ndani ya tundu la kamba.

Kina mama wakapiga vigelegele na kijana mmoja akapuliza filimbi. Walubengo aliinuka akiwa rangi moja kuanzia unyweleni hadi kwenye kisigino, kiatu kimekumbatiwa kifuani kwa mikono miwili kama kipa anayepoteza muda. Hapo akasikia kicheko. Kilikuwa kicheko cha mtu anayejaribu kukizuia na kimemshinda. Adero alikuwa amesimama mlangoni pake ameshikilia nguzo, machozi yanamtiririka, na haikuwa kwa sababu ya moshi.

"Baba Bridgit," alisema alipopata pumzi, "njoo uchukue maji ya moto kabla hujakauka hivyo hivyo tukakuuza kama mtungi."

Walubengo alikoga. Alipotoka alikuta Adero ameketi kwenye kigoda chake, viatu vyote miguuni pake, anavikagua.

"Baba yangu alikuwa na gambuti jozi moja tu za kuendea shamba la bondeni," alisema, bila kumtazama. "Zikilowa ndani, mama alizijaza magunzi. Magunzi ya mahindi makavu, yakapashwa kidogo kando ya moto. Hunywa maji kama mlevi, halafu hayana wino wala harufu. Ukiyatoa unayapasha tena, unarudisha. Mimi ninayo gunia zima ya kuwashia jiko."

"Na joto?"

"Joto ni mambo ya kuongea."

Waliongea. Makubaliano yalikuwa hivi: Walubengo angemjengea Adero kibanda cha mabati nje, upande wa reli, ili samaki akaangwe huko na harufu ichukuliwe na upepo. Jiko la ndani lingerudi ukutani, lakini juu yake kungechemka maharagwe peke yake, kwa kuwa Adero alikuwa na wateja wa maharagwe pia. Na chini ya viatu lingewekwa bati lililokunjwa, maji yasiende kwa jirani. Walubengo alijenga kibanda kwa siku mbili, akipigilia misumari mingi kuliko ilivyohitajika, kwa sababu kila alipomaliza upande mmoja Adero alimletea chai.

Gachanja alipochukua viatu Ijumaa iliyofuata alivinusa kwanza, na wenzake wakamtazama kama watu wanaongoja matokeo ya hospitali.

"Maharagwe," alisema. "Kwa mbali sana. Mbwa hawali maharagwe."

Tangu siku hiyo ukuta ulikuwa na mazungumzo. Walianza na mambo ya magunzi: haya yamelowa, lete mengine. Wakaendelea na bei ya sukari, na barua ya Hope kutoka shuleni, na mguu wa Bridgit uliovimba akiwa na mimba ya pili. Jumapili wakawa wanaongozana hadi njia panda, kila mtu akaenda kanisa lake. Baadaye Walubengo akaanza kuchelewa njia panda, akimsindikiza kidogo, kisha kidogo tena, mpaka siku moja akajikuta amekaa benchi la nyuma katika kanisa la Adero akiimba wimbo wa Kijaluo kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe.

Maneno hayakai Laini Saba tu. Yalifika Kawangware kwa Osewe, kaka mkubwa wa Adero, fundi wa mawe na mzee wa kanisa, mtu aliyependa kila kitu kinyooke kama kamba ya ujenzi. Aliambiwa kwamba dadake ana mwanamume, kwamba mwanamume huyo ni Mluhya, na kwamba kazi yake ni kuosha viatu vya watu wanaocheza kwenye matope. Osewe alivaa suti, akavaa viatu vyake vyeusi vya kanisani, akaja Jumapili moja ya Januari, mvua bado haijachoka. Alikuwa na maneno machache na alikusudia kuyasema akiwa amesimama, kisha aondoke.

Lakini mtu haingii chumbani kwa dadake na udongo wa Kibera wote. Alivua viatu mlangoni, akaingia na soksi, akakataa kiti.

"Adero, nimekuja juu ya jambo moja."

"Karibu kaka. Huyu ni Baba Bridgit," Adero alisema, akageuka kumwonyesha. Walubengo hakuwepo. Alikuwa amesimama pale sekunde ile, amenyoosha shati, amesafisha koo. Sasa palikuwa patupu. Kutoka nje ilisikika sauti ya brashi.

Alisema baadaye kwamba hakukusudia ujanja wowote, na waliomjua walimwamini. Aliinamisha kichwa kumsalimu mgeni kwa heshima, macho yakaangukia viatu mlangoni, na mikono ikaondoka kabla ya akili. Osewe alipotoka kuangalia, viatu vyake vya kanisani vilikuwa vimetolewa kamba, vimetolewa soli za ndani, na cha kushoto kilikuwa tayari ndani ya besheni, povu mpaka kisiginoni.

"Unafanya nini?" Osewe aliuliza.

"Kulikuwa na udongo kwenye mshono, mzee," Walubengo alisema kwa unyenyekevu. "Huo ukikauka hukata uzi."

Osewe alitazama soksi zake. Mzee wa kanisa hawezi kuvuka Laini Saba kwa soksi akiwa amevaa suti. Akarudi ndani, akakikubali kiti.

Chai ikaja, kisha ugali na samaki ngege mzima, maana Adero hakumwekea kaka yake mgongo wazi. Osewe alisema yale maneno yake machache, lakini ukiyasema umekaa, na mate ya samaki mdomoni, hayasimami vizuri. Alimuuliza Walubengo kwao ni wapi, ana watoto wangapi, anaabudu wapi. Walubengo alijibu yote huku akiinuka kila baada ya muda kubadilisha magunzi. Osewe akaanza kumfuata kwa macho. Mara ya tatu alimfuata kwa miguu, akamwona akipasha magunzi, akijaribu joto lake shavuni kwanza, ndipo akayaingiza, akivuta ulimi wa kiatu ukae sawa.

"Kwa nini usiweke jikoni mara moja tumalize?" Osewe aliuliza.

"Vitakauka nje, ndani vikae maji. Halafu ngozi ipasuke. Kitu cha kukaushwa hakitaki haraka, kinataka mtu wa kukiangalia."

Osewe aliangalia viatu, akamwangalia dadake aliyekuwa akicheka peke yake kwenye sufuria, mtu ambaye tangu azike mume alikuwa akicheka kwa adabu tu. Alirudi akaomba ugali kidogo tena. Wakaongea juu ya mpira. Ikajulikana kwamba Osewe aliwahi kuwa refa wa ligi ya kanisa, na kwamba penalti nyingi alizotoa zilikuwa za haki, isipokuwa moja. Saa zilipita. Mvua ilikatika, jioni ikaanza kuingia, na Osewe akakumbuka kwamba Kawangware si hapo karibu.

"Shemeji," aliita kuelekea ukutani, "hivyo viatu vyangu vimefika wapi?"

Adero aliacha kuosha sahani. Walubengo, mkono mmoja ndani ya kiatu, aliganda. Osewe mwenyewe alionekana kusikia neno lile baada ya wengine, akatazama dari, lakini hakulirudisha.

"Bado kidogo, shemeji," Walubengo alisema, taratibu sana.

Vilipokauka alivipiga kiwi, akavifunga kamba, akaviweka mlangoni vikitazama nje. Viling'aa hata taa ya chemli ilionekana ndani yake mara mbili. Osewe alivivaa, akawaaga, akaombea nyumba, akataja kwa sauti ya kawaida kwamba mambo ya posa yana utaratibu wake na kwamba atawaandikia wazee nyumbani. Kisha akatoka, akasimama kwenye kizingiti. Mbele yake ilikuwa njia ya Laini Saba yote, uji mweusi mpaka barabarani.

Halafu akainama, akavivua, akatia soksi mfukoni, akakunja suruali ya suti hadi magotini, na akaenda zake pekupeku katikati ya matope, viatu amevibeba juu kifuani, akiwasalimu watu kulia na kushoto kwa kichwa.